Mama Aliniuliza Kama Auze Mpunga

Jamani, nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Kazi za watu zinakula muda na mwisho wa mwezi hazikumbuki kwamba zilikula. Ila kuna jambo limenikaa kifuani tangu Julai 2025, na leo nimeamua kulitua.

Ni hivi. Kuna mama mmoja pale Rau, Moshi, aliniuliza kama auze mpunga wake. Magunia 20, mavuno ya msimu mzima, yamepangwa sebuleni hadi usawa wa dirisha. Alitaka jibu la ndiyo au hapana. Na jibu lenyewe lilitegemea kitu kimoja tu: mimi, mwandishi wa michezo ambaye enzi zangu za shule niliujua mpira wa kikapu zaidi nikiwa benchi, ninamwonaje binti yake? Anaweza kucheza chuo, tena chuo cha Marekani, au hawezi?

Nilifikaje huko? Rafiki yangu niliyesoma naye anafundisha jiografia kwenye shule moja ya kata upande huo. Mwalimu huyu ndiye kocha, ndiye mnunuzi wa mipira, na ndiye anayechomelea pete za magoli zikikatika. Alinipigia simu akasema, "Njoo uone mtu." Nikamwuliza, mtu gani? Akasema, "Wewe njoo." Nilikuwa na siku chache za likizo, nikapanda basi.

Kwa wasioijua Rau, ni pembeni kidogo tu ya mji wa Moshi. Ukishuka kwenye bajaji unaanza kusikia maji kabla hujayaona, maana mifereji ya mpunga imepita kila mahali. Kuna mto Rau, kuna msitu wa Rau na mivule yake mirefu, na asubuhi mawingu yakikaa vizuri Kibo inatokea juu ya paa za mabati kana kwamba imesogezwa usiku. Uwanja wa shule ni wa udongo. Goli la upande mmoja lina ubao wa mbao. La upande wa pili ubao ulishaoza, imebaki pete ya nondo peke yake kwenye nguzo. Kumbukeni hilo goli lisilo na ubao, nitalirudia.

Binti mwenyewe simtaji jina. Alikuwa na miaka 17, kidato cha nne, urefu wa mita 1.81 (tulimpima ukutani na futi ya fundi seremala). Alinisalimia shikamoo kaka, macho chini, nikaitikia. Halafu filimbi ikalia na yale macho hayakuwa chini tena.

Siku hiyo walicheza na shule ya jirani. Mwisho ilikuwa 40 kwa 12, na yeye peke yake alifunga 31. Nilihesabu ribaundi mpaka 20 nikaacha. Mwalimu alikuwa ananiangalia mimi kuliko mchezo, uso umejaa meno. "Sasa?" akaniuliza. "Si nilikwambia?"

Nikafunga daftari. Kwa kweli sikuwa nimeona kitu.

Msinielewe vibaya. Niliona binti mrefu akicheza na watoto waliomfika begani. Alikuwa anasimama chini ya goli, anainua mikono, anarushiwa mpira, anageuka, anatupia. Hakuna aliyemfikia. Hakulazimika kukimbia kurudi, maana hata akitembea alikuwa anawahi. Hakulazimika kudunda mpira zaidi ya mara mbili. Sasa hapo unapima nini? Unapima urefu wake, basi, na urefu tulishaupima ukutani bila kutoka jasho. Pointi 31 zilinieleza habari za ile shule nyingine kuliko habari zake.

Na mimi nina sababu ya kuziogopa pointi za namna hiyo. Ngoja niwaambie dhambi yangu.

Nilipoanza kazi, gazeti silitaji, nilitumwa mashindano fulani ya shule. Nikamwona binti amefunga pointi 41 kwenye mechi moja. Nilikuwa kijana, nilitaka habari yangu itoke ukurasa wa mbele wa michezo, nikaandika kwamba huyu Marekani inamsubiri. Sikumwuliza kocha alifunga 41 dhidi ya nani. Sikumwangalia mechi ya pili. Habari ilitoka na picha, nikajipongeza kwa chipsi mayai. Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye Dar kwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa, yeye ndiye muuzaji. Alinitambua kabla sijamtambua. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba kaka yake aliikata ile habari akaitembeza kwa watu waliodai wana njia za kwenda Marekani, wakala pesa, na yeye mwenyewe alikataa kwenda kidato cha tano kwa sababu alikuwa "anaondoka muda wowote". Kipande cha gazeti bado anacho. Nilitoa pesa zangu kwenye simu nikaondoka, na hata makato sikuyahesabu.

Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza "Sasa?", nilikuwa namwona yule dada wa kibandani.

Jioni tulikwenda nyumbani kwa binti. Mama yake alitupokea na mtori, tukala kwanza, maana kwa Mchaga huwezi kuanza mazungumzo na mgeni mwenye njaa. Ndipo akanionyesha magunia na kunieleza habari ya bwana mmoja. Huyo bwana alimwona binti kwenye mechi za wilaya, akasema ana marafiki kwenye vyuo vya Marekani. Zinahitajika milioni 2 na nusu za kutengeneza video, kujaza fomu na kushika nafasi. Ukiuza magunia yote 20 unapata sehemu kubwa, inayobaki mama angekopa kwenye kikoba.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi mpira siujui. Wewe ndiyo kazi yako. Niambie tu kama huyu mtoto ni wa kweli. Kama ni wa kweli, nitauza. Kama siyo, nimwambie ashike kitabu."

Binti alikuwa amekaa mlangoni anasikia kila neno.

Niliomba siku 3. Mama akakubali, ila alisema bwana yule anataka jibu Jumamosi.

Sasa basi, unafanyaje kumpima mtu ambaye shuleni kwake hakuna wa kumpima naye? Hili swali si la Rau peke yake. Makocha wa Marekani wenyewe linawatoa jasho kila wanapokwenda kumtazama mtoto wa shule ndogo. Ninachojua ni kwamba usimpime kwa kazi anayoifanya leo. Mpime kwa kazi atakayopewa kesho. Huyu binti kwao ni mrefu kuliko wote, kwa hiyo anacheza chini ya goli. Lakini kwenye vyuo vikubwa vya kule, wanaocheza chini ya goli ni mita 1.90 na kuendelea. Kwa mita 1.81 yeye atasogezwa nje, acheze pembeni, adunde mpira, atupie kutoka mbali, akabe watu wepesi. Yaani vitu vyote ambavyo Rau hajawahi kuombwa avifanye! Pointi zake 31 zote zilitoka kwenye kazi ambayo huko hatapewa.

Basi nikaanza kutafuta vitu vidogo. Cha kwanza, miguu. Nilimwona anapokea mpira na kusimama papo hapo, mguu mmoja umegandishwa chini, mwingine unazunguka, wala hatetereki. Wachezaji wengi wa shule hawawezi hivyo, wanachechemea hatua mbili zaidi na mwamuzi anawahurumia. Nikamwuliza amejifunza wapi. "Netiboli, kaka. Tangu darasa la nne." Ahaa! Kwenye netiboli hudundi mpira ukasonga nao, wala hutembei nao. Ukidaka umesimama, unageukia mguu mmoja, unatoa. Na pete ya netiboli iko juu mita 3.05, sawasawa kabisa na ya kikapu, tofauti ni kwamba haina ubao. Ndiyo maana kwenye lile goli la nondo lisilo na ubao wenzake walikuwa hoi, yeye alikuwa anatumbukiza tu. Mkono wake ni laini, mpira unapanda na kushuka katikati ya pete.

Lakini netiboli hiyo hiyo imemwachia madeni. Hajui kudunda mpira akiwa amebanwa. Akikaba, anasimama mbali na mtu, kwa sababu netiboli inamtaka mkabaji akae futi 3 kutoka kwa mwenye mpira. Kwenye kikapu ukikaa futi 3 mtu anapita na salamu juu.

Cha pili, mikono. Mipira yote ya shule ilikuwa namba 7, ya wanaume, maana ndiyo iliyopatikana. Wanawake duniani kote wanachezea namba 6, ndogo kidogo na nyepesi. Mtu ukimwona binti anatupia kwa kusukuma kutoka kifuani unasema hana mtindo. Kumbe labda ana mpira mzito tu. Niliingia mjini nikanunua namba 6, nikampa. Mara ya kwanza aliushika akacheka, akasema huu ni wa watoto. Baada ya nusu saa kiwiko kilishashuka, mpira unatoka juu ya paji la uso. Hakuna aliyemfundisha. Mpira wenyewe ulimfundisha.

Bado lilikuwa halijajibiwa swali kubwa. Atakapokutana na mtu anayemzidi, atafanya nini?

Moshi ni mji wa vyuo. Pana Chuo Kikuu cha Ushirika, pana Mwenge, pana KCMC, kwa hiyo jioni hukosi mabinti wa vyuo wanaocheza kikapu. Mwalimu alizungumza nao, tukampeleka binti kwenye uwanja mmoja wa saruji mjini, siku 3 mfululizo. Mama alikuja siku ya kwanza, na kanga begani, akakaa kwenye tofali.

Siku hiyo ilikuwa mbaya. Kulikuwa na dada mmoja, mfupi, sidhani kama alifika mita 1.65, miaka yake inakaribia 26 hivi. Alimnyang'anya binti yetu mpira kama mtu anayeokota embe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilihesabu, alipoteza mpira mara 9. Walipomkimbia alirudi nyuma anatembea, mikono kiunoni, ile tabia ya Rau. Chini ya goli alisukumwa na mtu mzito kuliko yeye akaangalia mwamuzi, na mwamuzi hakuwepo. Mama aliniangalia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Wakati wa mapumziko nilisogea karibu kidogo, nikijifanya natafuta maji. Nilitegemea nimkute analia au amenuna. Alikuwa amesimama mbele ya yule dada mfupi.

"Dada, samahani. Ulijuaje naenda kulia?"

Yule dada akacheka. "Unaangalia unakokwenda kabla hujaenda."

Basi. Kipindi kilichofuata aliangalia kushoto akaenda kulia. Alipita! Mara mbili zilizofuata alijaribu tena akanyang'anywa, kwa sababu dada naye si mjinga. Siku ya pili akaja na dawa yake mwenyewe: hakupita tena, alikimbia, akasimama ghafla kwa ule mguu wa netiboli, dada akapitiliza, yeye akatupia. Siku ya tatu dada alikuwa anamkaba kwa mbali kidogo, kwa heshima. Binti alipoteza mpira mara 4. Na kurudi nyuma alikuwa anakimbia, ulimi nje.

Kutoka 9 mpaka 4 ndani ya siku 3. Hizo ndizo takwimu pekee nilizoandika kwenye daftari na kuzipigia mstari.

Sisi Watanzania kipaji cha kikapu tunakipima kwa urefu, na sababu tunaijua. Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15, akaenda Marekani, akacheza chuo cha Connecticut kuanzia 2006, mita 2.21, akazuia mipira zaidi ya 400 kwa misimu 3. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kwenye mchujo wa NBA na Memphis Grizzlies. Wa 3 alikuwa James Harden, wa 7 Stephen Curry. Nani kati yetu hakujivuna? Mtaani kila mtoto mrefu aliitwa Hasheem. Lakini kule NBA wastani wake uliishia pointi 2 na kidogo kwa mechi, na mwaka 2014 alishatoka. Siyo aibu hata kidogo, ni mamilioni wangapi wanaota hata dakika moja ya pale? Ila somo lipo. Urefu ulimfungulia milango yote mpaka alipofika chumba ambacho kila mtu ni mrefu, na humo wanauliza kitu kingine.

Sasa mtazameni Madina Okot. Mkenya huyu, mzaliwa wa Mumias, magharibi ya Kenya, alisoma sekondari Kaya Tiwi, kule Kwale pwani. Alikuwa mchezaji wa voliboli. Kikapu alianza kukicheza kwenye mwaka 2020 hivi. Kutoka sekondari hakurukia Marekani, alikwenda Chuo Kikuu cha Zetech, hapo hapo Kenya, akacheza na wanawake wazima wanaomsukuma. Mwaka 2024 ndipo akaenda Mississippi State, na msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 11 na ribaundi karibu 10 kwa mechi. Mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa vyuo 2017, 2022 na 2024. Miaka 5 tu tangu aache voliboli!

Ni kweli, Okot ana mita 1.98, na binti wa Rau hana hizo. Sitaki kurudia dhambi yangu kwa kumfananisha. Ninachokiona kwa Okot ni njia aliyopita. Mtu aliyemtazama 2020 akahesabu pointi zake asingeona kitu, maana hakuwa nazo. Cha kutazama kilikuwa ni jinsi anavyojifunza kwa kasi. Na hatua iliyomjenga kabla ya Amerika ilikuwa uwanja wa nyumbani ambapo hakuwa bingwa wa watoto.

Kuna na suala la kitabu, ambalo yule bwana wa milioni 2 na nusu hakuligusa kabisa. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, hakimruhusu mtu kucheza daraja la kwanza kwa sababu anajua kufunga. Kinataka masomo ya msingi 16, Kiingereza, hisabati, sayansi na mengineyo, na kwa mgeni kinaangalia matokeo kuanzia mwaka wa 9 wa shule. Hesabuni wenyewe. Miaka 7 ya msingi, kidato cha kwanza ni mwaka wa 8, kidato cha pili ndiyo mwaka wa 9. Kwa hiyo binti alishaanza kuhesabiwa tangu kidato cha pili bila mtu kumwambia! Nilimwuliza hisabati anapata nini. Alitazama mpira. "F, kaka. Ya mwisho ilikuwa F."

Na nafasi zenyewe? Timu za wanawake daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na tangu 2025 nyingi kati ya hizo mwisho wachezaji 15. Zipo kwa sababu mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kuvizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kumbagua msichana, na michezo ikaingia humo. Ni nyingi kwa kweli. Lakini chuo kinachokutaka ndicho kinachokulipia ada, malazi na chakula. Gharama za pasipoti na viza zipo, hizo utazilipa mahali panapojulikana na kupewa risiti. Kiti cha timu hakiuzwi na mtu anayetembea Rau na pikipiki.

Jumamosi asubuhi nilirudi kwa mama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, na bado niliongea vibaya.

Nilimwambia: "Mama, usiuze. Binti anaweza kucheza chuo. Hilo nitalisema popote. Chuo cha hapa nchini au Kenya anaweza kuanza mara tu atakapomaliza shule, na hatakaa benchi miaka mingi. Cha Marekani, hivi vidogo, anaweza kukifikia akifunzwa miaka 2 na akitoa hiyo F. Vile vikubwa vya kwenye televisheni, hakuna mtu anayeweza kukwambia leo. Anayekwambia anajua anakuuzia kitu ambacho hana."

Mama alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo huwa linaniamsha. "Na kama yule bwana ni wa kweli, na wewe ndiye umemfungia mwanangu mlango?"

Mnaona? Kumpamba mtu kunaweza kumharibia, nimeliona hilo kwa macho yangu pale kibandani. Lakini kumrudisha nyuma nako kunaweza kumharibia, tofauti ni kwamba hutakutana naye akiwa na kipande cha gazeti. Huko nyuma niliogopa upande mmoja tu wa kosa. Mama huyu alinikalisha kwenye upande wa pili.

Nikamwambia amwombe yule bwana kitu kimoja: barua yenye jina la chuo na jina la kocha, ili tupige simu wenyewe. Kama ipo, nitakuja mwenyewe kubeba magunia. Akasema hiyo ni haki.

Ndipo binti akazungumza, kwa mara ya kwanza kwenye mazungumzo yote yaliyokuwa yanamhusu yeye. "Kaka, kwa hiyo mimi ni mzuri au siyo mzuri?"

"Wewe ni mzuri kwa hapa," nikasema. "Wanaokuzidi bado hujakutana nao, ukiacha yule dada mfupi."

"Basi nikutanishwe nao."

Ningekuwa na gazeti siku hiyo, kichwa cha habari kingekuwa hicho. Bahati nzuri sikuwa nalo.

Barua haikuja. Yule bwana sikumwona, na sitaki kumwita tapeli, pengine alikuwa mtu mwenye ndoto kubwa kuliko mfuko wake, wapo wengi. Desemba 2025 Marekani ikatangaza vizuizi vipya vya viza vilivyoanza 1 Januari 2026, Tanzania ikiwemo, na viza za wanafunzi ziliguswa. Nilipoisoma ile habari nilikaa nayo kwenye kiti cha ofisi kwa muda. Sikufurahi kwamba nilikuwa sahihi, kwa sababu sikuwa nimelijua hilo. Niliwaza tu magunia 20 na mkopo wa kikoba, na mlango uliofungwa na watu ambao hata Rau hawajui iko wapi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwanzoni mwa 2026, mwalimu alinitumia ujumbe. Daraja la pili. Hisabati D. D, jamani! Nilimpigia binti kumpongeza, akanipokea huku anahema, nyuma nasikia mpira unadunda kwenye saruji. Alikuwa mjini, na yule dada mfupi. Nikamwuliza bado anamnyang'anya? Akasema, "Leo mara 2 tu, kaka. Lakini amenibadilishia, sasa anakuja kwa mkono wa kushoto." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi.

Wiki moja baadaye nilipigiwa simu na watu wa mabasi, nina mzigo kutoka Moshi. Mchele kilo 10, umefungwa kwenye mfuko wa kiroba, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya rangi. Nilimpigia mama kumshukuru, nikamwuliza mpunga mwingine ameufanyaje. "Mwingine tumekula, mwingine nimeuza kidogo kidogo," akasema. "Ada ya tuisheni ya hesabu ilitoka humo."

Nimeupika Jumapili. Mchele wa Rau unanukia mpaka kwa jirani.